Aliposimama Cordero

Port Hollis, Ohio
27 Aprili 1958

Kwako Del, mkimbizi wa jangwani,

Mimi sijambo, Bernadine hajambo, na ziwa halijambo, ila bado linapuliza baridi ile ile iliyokufukuza. Mashaka yetu yako kwako na kifua chako. Kama hewa kavu ya Arizona inafanya kazi uliyoifuata, sema. Kama haifanyi, rudi ukoholee huku kwa watu waliokwisha zoea.

Jana Korongo wetu wamefungua msimu wa besiboli hapa nyumbani. Nimekaa kwenye kiti changu, na kwenye chako nimeweka mfuko wa karanga, kama nilivyokuahidi siku nakusindikiza kwenye basi. Mama mmoja akataka kukaa. Nikamwambia, "Pana mwenyewe, mama, amekwenda msalani." Ilipofika awamu ya saba akaniuliza kama huyo mwenyewe ni mzima.

Haya, sasa walinzi wetu wa nje, maana najua matokeo umeshayasoma gazetini na hayakutoshi. Miaka yote tuliyofanya kazi pamoja kiwandani ulikuwa ukiniambia kwamba mpira ukishapigwa kila mjinga anauona, na mwenye macho humtazama mlinzi wa kati kabla haujapigwa. Basi nimemtazama. Anaitwa Cordero, kijana wa Puerto Rico, mwembamba, hana maneno. Kabla mrushaji hajainua mguu, Cordero anasogea kushoto taratibu, kama mtu anayetafuta kivuli. Nikajiuliza kwa nini. Kisha nikamwona Lindqvist, yule Msweden wetu wa kushoto, anavyogeuka. Goti lake limekwisha, Del. Gazeti linasema limeteguka kidogo. Kijana analinda nafasi mbili ili mzee asiachishwe kazi. Lindqvist hakumwomba na Cordero hakusema kitu.

Tumefungwa sita kwa mbili. Nimekula karanga zako.

Wako,
Kaz


Cinder Wells, Arizona
9 Mei 1958

Kaz, mwizi wa karanga,

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nje juani, maana daktari ameagiza nikae juani kama nguo iliyofuliwa. Kifua kinafunguka. Usiku nalala bila kukaa kitako. Ila huku hakuna mtu wa kuongea naye. Jirani yangu anadhani besiboli ni kupiga mpira mbali. Nilipomweleza habari ya mlinzi wa kati aliniitikia kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimekunywa dawa zangu.

Kuhusu Lindqvist, umeona sawasawa. Nikukumbushe sheria yangu: klabu ikisema mchezaji ana maumivu makubwa, ujue atarudi wiki ijayo, wanataka tu umwonee huruma. Klabu ikisema ni kidogo, muage. Hilo neno "kidogo" limezika wachezaji wengi kuliko uzee. Kumbuka yule mrushaji wetu wa mwaka ule wa mafuriko. "Bega linamsumbua kidogo," wakasema. Leo anauza magari.

Endelea kuniambia anaposimama huyo kijana. Nikifumba macho naona uwanja mzima, na wewe pembeni yangu unanuka kabichi chachu. Nisingeondoka, Kaz, kama si mapafu haya. Unajua hivyo.

Msalimie shemeji Bernadine. Mwambie akupunguzie kabichi.

Del


Port Hollis, Ohio
1 Juni 1958

Mwanangu Rosalie,

Usipige kelele ukisoma hii, na usikimbilie gari kuja. Baba yako ana saratani ya tumbo, na imeshatembea. Madaktari wamemfungua na kumfunga tena. Wanasema majani yakianguka hatakuwa nasi. Yeye mwenyewe anasema madaktari wale hawajui hata kubashiri mvua.

Ngazi za uwanjani hawezi tena. Wiki mbili zilizopita alipanda nusu, akakaa katikati watu wakipita, akaniambia anafunga kiatu. Sasa Korongo anawasikiliza redioni, kitandani. Viti vyao viwili, chake na cha Delbert, nimewaachia wale majirani zetu wanaompeleka hospitali kwa gari lao. Ningewapa nini kingine?

Jambo linaloniuma ni Delbert. Baba yako amenikataza kabisa kumwandikia. "Del akijua, atapanda basi siku hiyo hiyo," ameniambia. "Hewa ya ziwa hili itammaliza kabla yangu. Mwache apone." Nikamwambia Delbert ana haki ya kumuaga rafiki yake. Akageukia ukutani. Anamwandikia habari za mechi kama kwamba bado anakwenda. Nami ndiye nabandika stempu, mwanangu, na kila nikiibandika najiona mshiriki.

Njoo mwisho wa mwezi, kwa utaratibu. Lete watoto.

Mama


Port Hollis, Ohio
22 Juni 1958

Kwako Del,

Sisi wazima, na tumefurahi kusikia unalala. Samahani kwa kuchelewa, kazi za nyumbani zimenibana.

Korongo wamefungwa mechi tano mfululizo. Ijumaa Cordero alidaka mpira mrefu karibu na ukuta, watu wote wakasimama. Jumamosi mpira ulimpita Lindqvist ukagonga uzio, wapinzani wakapata pointi mbili. Leo mvua imekatisha mechi awamu ya tano. Karanga ziko mahali pake.

Kwa leo niishie hapa. Jitunze kifua.

Kaz


Cinder Wells, Arizona
6 Julai 1958

Kaz,

Barua yako imefika, na kuna kitu ndani yake hakijakaa vizuri. Nimeiweka mezani siku mbili nikiitazama.

Unaniambia Cordero alidaka mpira karibu na ukuta. Sawa. Alianzia wapi? Unasema mpira ulimpita Lindqvist. Cordero alikuwa wapi, yeye aliyekuwa akimfichia goti? Umeniambia kila kitu kilichotokea baada ya mpira kupigwa, na hakuna hata neno moja la kabla. Hizo ni habari za mtangazaji wa redio, bwana. Mtangazaji huufuata mpira, haoni kwingine.

Niambie kama mtu mzima. Umeacha kwenda? Najua wanafungwa. Walifungwa pia mwaka ule tulipokaa mvuani na gazeti kichwani, tukiwa peke yetu na muuza soseji, na hatukuondoka. Mimi nimeondoka kwa amri ya daktari. Wewe amri yako ni ya nani?

Del


Port Hollis, Ohio
13 Julai 1958

Del,

Jua la huko limekupanda kichwani. Nipo, viti vipo, karanga zipo. Jana nilikuwa hapo hapo kama siku zote. Cordero alisimama kushoto kidogo. Umeridhika?

Kunywa maji.

Kaz


Cinder Wells, Arizona
27 Julai 1958

Bwana Kaz Pelc,

Mpwa wangu Arlene alikuwa uwanjani tarehe 12, siku ile ile unayosema ulikuwa hapo hapo. Nilimwomba akusalimie. Amenijibu kwamba viti vyetu vimekaliwa na watu asiowajua, mwanamume na mkewe, na mwanamume amepandisha viatu juu ya mgongo wa kiti cha mbele. Alipowauliza, walisema wamepewa viti hivyo kwa msimu mzima.

Kumbe umevigawa. Ningekusamehe kuvigawa, mtu huchoka. Lakini umeniandikia uongo ukausaini. Nimekaa huku jangwani namtazama Cordero wa kubuni, nikimsogeza kushoto kichwani mwangu kwa sababu wewe umesema amesogea, nawe ulikuwa umelala kwako na redio tumboni.

Nimekujua tangu tukiwa vijana wa kusukuma toroli za makaa. Sikudhani wewe ni shabiki wa kiangazi, wa kushangilia wakishinda na kukunja mkeka wakifungwa. Usiniandikie tena habari za redioni. Matokeo nayapata gazetini, na gazeti halijifanyi rafiki yangu.

Delbert Haney


Port Hollis, Ohio
17 Agosti 1958

Kwako Del,

Mwandiko huu uuvumilie. Naandikia juu ya paja, na Bernadine ananishikia karatasi isipeperuke.

Tuko uwanjani. Ni kweli nilikuwa nakuandikia kutoka redioni, na ni kweli viti nimeviachia watu. Nisamehe. Barua yako niliiweka chini ya mto, nikamwambia Bernadine nipeleke, akakataa, nikamwambia tena, akakataa, siku ya tatu akaenda kuazima kiti cha magurudumu parokiani. Viti vyetu viko juu mno. Tumekaa chini kabisa, upande wa kulia, nyuma ya uzio. Sijawahi kuona mechi kutoka huku. Tumekosea miaka yote, Del. Huku unawaona walinzi wa nje wanavyohema.

Sasa sikiliza, hii ni ya macho yangu.

Cordero ameumia. Msuli wa nyuma ya paja, mguu wa kulia. Gazeti halijui na kocha hajui. Kati ya mpira na mpira anautikisa ule mguu akijifanya anakung'uta vumbi. Kabla mrushaji hajarusha, amesimama katikati hasa, hasogei kushoto tena, hawezi. Na unajua nani anasogea? Lindqvist. Msweden na goti lake bovu anajivuta kuelekea katikati, taratibu, akitazama pembeni kama hana habari. Analipa deni. Awamu ya nne mpira wa juu ulikwenda pale kati yao, na wote wawili wakaukimbilia, kama unaweza kuita kule kukimbia. Lindqvist aliudaka akiwa amepiga magoti. Cordero alimsaidia kuinuka, kisha sijui nani alimwegemea mwenzake. Watu walicheka. Mimi machozi yalinitoka, Bernadine shahidi.

Nilitaka uyajue haya kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Mimi sikukunja mkeka, Del. Nimekuwa nikisumbuliwa na tumbo kidogo, na ngazi zimenishinda, ndiyo yote. Si kitu cha kukutoa huko juani.

Tunafungwa tatu kwa moja. Bernadine anasema inatosha, jua linashuka. Karanga nimezinunua, ila leo siwezi kuzila. Nimeziweka kiti cha jirani.

Wako,
Kaz


Port Hollis, Ohio
21 Agosti 1958

Shemeji Delbert,

Kaz ametutoka leo alfajiri. Nilikuwa naye, na Rosalie pia. Hakuhangaika sana.

Ilikuwa saratani, tangu masika. Alinikataza kukuambia, kwa ajili ya kifua chako, nami nikamtii. Nimekuwa mke wa kutii mara chache sana maishani, Kaz mwenyewe angekuambia, na mara hii moja ndiyo ningepaswa kumkaidi. Barua yako ya mwisho wa Julai niliisoma kabla yake. Nilifikiri kuichoma. Ningeichoma asingeijua, nawe ningekuandikia ukweli usiku ule ule. Badala yake niliipeleka kitandani kwa sababu ilikuwa ya kwake na haikuwa yangu.

Usidhani ile safari ya uwanjani ndiyo iliyomwua. Madaktari wanasema alikuwa na siku chache tu kwa vyovyote. Nakuandikia hili kwa sababu najua utakavyojifikiria.

Maziko ni Jumatatu. Barua hii haitafika kabla, nami hapo kwenu sijui simu ya kupiga. Nimeiandika tu kwa sababu sikuweza kukaa bila kukuambia.

Bernadine


Cinder Wells, Arizona
21 Agosti 1958

Kaz, ndugu yangu, mwongo mkubwa,

Barua yako ya uwanjani nimeipata sasa hivi na basi linaondoka jioni, kwa hiyo hii ni fupi. Naituma mbele yangu ikuambie usitoke nyumbani.

Nilikuwa naisoma nimesimama mlangoni. Nilipofika kwa Lindqvist kupiga magoti nilicheka peke yangu mpaka jirani akatoka. Nikasema, huyu ndiye Kaz, huyu amerudi. Kisha nikafika pale ulipoandika unasumbuliwa na tumbo "kidogo". Nikakaa chini kwenye ngazi.

Nani aliyetunga ile sheria, Kaz? Mimi. Nani anayesoma gazeti kwa mstari mmoja akajua bega limekufa? Mimi. Na barua mbili zako zilikuwa zikiniambia mtu huyu ameumia, hazina kabla, hazina kabichi, nami nikasoma kwamba umeacha timu. Niliona kila kitu ila jambo lenyewe. Nisamehe yale maneno. Nitayarudia mbele yako yote moja moja na utanipiga kofi kwa kila moja.

Usinijibu kuhusu kifua changu. Kifua ni changu. Tutakaa chini, upande wa kulia, nyuma ya uzio, nami nitasukuma hicho kiti chako mwenyewe. Nisubiri tu. Nafika Jumatatu.

Del


Pittsburgh, Pennsylvania
18 Januari 1959

Shemeji Delbert,

Nimehamia kwa Rosalie. Nyumba ya Port Hollis ilikuwa na ukimya mwingi mno.

Barua yako ile aliyoandikiwa Kaz iliwasili siku nne baada ya wewe kuondoka. Sikujua nikurudishie au nifanyeje, basi nimeiweka pamoja na rozari yake. Nimeisoma, nisamehe. Nilitamani angeisikia, hasa hapo kwenye kabichi.

Siku ile ulipofika langoni na begi lako, sisi tukiwa tunatoka makaburini, sikukuambia neno lolote la maana. Nilikushika mkono tu nikakuuliza kama umekula. Nimelifikiria sana swali lile. Sasa nakuambia nilichopaswa kusema: alipotoka uwanjani siku ile, njia nzima alikuwa akirudia, "Sasa Del ataamini." Alikuwa amefurahi. Hakukukasirikia. Ni mimi niliyekukasirikia, na hasira imepita.

Vile viti majirani wameniuliza wavifanyeje. Nimewaambia ni vyako.

Bernadine


Port Hollis, Ohio
26 Aprili 1959

Kwako shemeji Bernadine,

Nakusalimu wewe, Rosalie na wajukuu. Mimi nipo Port Hollis kwa wiki moja. Daktari wa Arizona amenipa siku hizo kwa masharti ya skafu na dawa ya kunusa. Nakohoa, lakini nakohoa kiungwana.

Jana Korongo wamefungua msimu. Vile viti vya juu nimewaachia wale majirani wako moja kwa moja. Waliomwendesha Kaz hospitali waweke viatu vyao popote wapendapo. Mimi nimekwenda chini kabisa, upande wa kulia, nyuma ya uzio, nikamuuliza mzee wa kuuza tiketi mahali kilipowekwa kiti cha magurudumu mwaka jana. Alikumbuka. Alisema, "Yule bwana aliyekuwa akiandika." Nikakaa hapo. Karanga niliziweka pembeni, na mtu alipotaka kukaa nilishindwa kusema kwamba mwenyewe amekwenda msalani. Nilimwambia ukweli, akatafuta kiti kingine.

Unajua sina wa kumwandikia tena habari hizi, na najua kwako besiboli ilikuwa ni kumfulia Kaz mashati yenye haradali. Lakini nivumilie mara hii moja, kwa kuwa siwezi kurudi nazo Arizona nikiwa peke yangu.

Lindqvist hayupo. Walimwachisha kazi wakati wa baridi. Wanasema amerudi Minnesota kwa kaka yake, na klabu ilitoa taarifa kwamba goti lilikuwa limeteguka kidogo. Kushoto wamemweka kijana mpya, magoti yote mawili mazima, anakimbia mpaka inakera. Cordero yupo katikati na paja lake limepona. Nimetazama kwa macho mawili, kama Kaz alivyotazama.

Kabla mrushaji hajainua mguu, Cordero anasogea kushoto.

Niliangalia mara ya kwanza nikasema ni bahati. Nikaangalia mechi nzima. Kule hakuna tena goti la kufichwa, Bernadine. Yule kijana hahitaji msaada wa mtu, na kocha alikuwa akimpungia Cordero mkono kila mara arudi katikati. Anarudi. Mrushaji akijiandaa, anasogea tena, taratibu, akiwa ametazama pembeni.

Awamu ya nane mpira ulipigwa kulia kidogo ya katikati, mpira rahisi, angekuwa katikati angeudaka bila hata kukimbia. Ulianguka mbele yangu kabisa, karibu na uzio, na tukafungwa kwa huo. Uwanja wote ulimzomea. Watu wa pembeni yangu walisimama wakampigia kelele ajifunze kusimama mahali pake.

Mimi nilibaki nimekaa na karanga zetu, maana nilijua amesimama wapi na kwa ajili ya nani.

Shemeji yako,
Del